Gari Lisilo na Paa

Paa ndilo lililooza kwanza. Kutu ilianzia pembeni,
ikatambaa kama upele, hata mvua za vuli
zikawa zanyesha ndani kuliko nje.
Mjomba Kilua akawasha msumeno pale gereji ya Chuda,
cheche zikaruka hadi kwa muuza chapati,
na magharibi Pijo ikabaki kichwa wazi
kama hujaji aliyetoka kunyolewa.
"Ulaya hii ni fahari," akasema.
"Watu huongeza pesa ili wapunguziwe paa."

Chuda nzima inaijua hadithi yake ya Elbe:
alipelekwa Magdeburg kusomea injini, enzi za ukuta,
na Jumapili moja akapakiwa kwenye gari wazi
wakaufuata mto: Meissen, Torgau, Wittenberg,
miji ambayo unashuka kununua mkate
ukaegemea mlango uliouzidi umri ukoo wako wote.
"Nitakupeleka safari kama ile,"
alimwambia binti wa watu, siku za posa.
Posa ilijibiwa.
Safari ikangoja miaka thelathini na sita.

Basi Jumamosi hii, kabla jua halijashika mabati,
Bi Mwanakombo alifunga ushungi kwa pini tano,
akapakata birika la chai, akasema,
"Haya. Tuuone huo mto wako."
Mimi nyuma, juu ya tairi la akiba,
na mwavuli mmoja wa watu watatu.

Pongwe, vumbi la saruji likatupaka uzee.
Muheza, debe la machungwa: wauzaji walitumiminia kutoka juu,
hakuna aliyebisha dirisha.
Baada ya mkonge, na mkonge, na mkonge,
Hale, mjomba akapiga honi: "Ule pale!"
Mto ulikuwa na rangi ya chai ya maziwa.
Haukugeuka.

Korogwe tukasimama karibu na daraja.
Akasimulia ngome, minara, saa zinazogonga kwa zamu.
"Wajerumani wanaheshimu mawe," akasema. "Hawabomoi."
Bi Mwanakombo alikuwa akimenya chungwa,
ganda moja refu, halijakatika.
"Babu yake mama alibeba mataruma ya reli yao,
hapa hapa. Kiboko ishirini na tano,
na mhesabuji hakukosea hata siku moja.
Heshima yao kwa mawe tunaijua, Kilua.
Uliza mabega."
Ganda likakatika.
Mjomba akaitafuta gia ya kwanza, akaipata ya tatu.

Segera mvua ikatukuta.
Mwavuli uligeuka bakuli, ukaniponyoka, ukaenda zake Chalinze.
"Kule," mjomba akapaza sauti, "ikinyesha unabonyeza kitufe!"
"Kibonyeze!"
Tukacheka mpaka birika likamwagika,
chai na mvua zikapita miguuni mwetu
zikatafuta tundu la kutokea.

Pangani tuliingia alasiri, tumelowa kama kamba wa sokoni.
Kuta za forodha ya zamani zilikuwa zinabanduka chokaa,
mlango wa nakshi umefungwa kwa waya wa kitanda.
Mjomba alizima injini. Hakusema kitu juu ya mawe.
Yeye ndiye aliyesema, akiukamua ushungi:
"Yule aliyekuendesha kule Elbe.
Jina lake nani?"

Miaka thelathini na sita, swali lilikuwa limekaa kabatini
na nguo za Idi.
"Renate," akajibu,
polepole, kama mtu alipaye deni kwa sarafu.
"Aliendesha vizuri?"
"Kasi mno."
"Basi sogea."

Leseni yake ni ya zamani, ya siku alipokuwa karani wa mkonge.
Gia zililia mara mbili, ya tatu zikanyamaza,
akaishusha Pijo hadi kwenye pantoni la Bweni
bila kugusa ukingo.
Kijana wa tiketi alituzunguka, akaturudia,
akachungulia pale paa lilipopaswa kuwa.
"Mama, nikate ya gari au ya mkokoteni?"
"Kata ya gari," akasema, macho ng'ambo.
"Paa linakuja nyuma."